Boriti bila kuumaliza msitu: mwongozo wa kutunza mikoko ya Lamu

Mwongozo huu ni wa kikundi cha kijiji, kiwe cha Matondoni, Mkunumbi, Siyu, Ndau au kwingineko Lamu ambako watu hukata, huvua na kuishi kando ya mikoko. Hautaki shahada. Unataka kamba, daftari, watu wanaoujua msitu kwa miguu yao, na subira ya miaka.

Kenya ina takriban hekta 61,000 za mikoko, na kama 37,000 kati ya hizo ziko kaunti ya Lamu. Miti hii imejenga nyumba za mawe za Amu, yaani mji wa Lamu, na kupakiwa majahazini kwenda Uarabuni kwa karne nyingi, mpaka serikali ilipopiga marufuku kuiuza nje mwaka 1982. Februari 2018 ukataji ukasimamishwa katika misitu yote ya umma na ya jamii, na baadaye Lamu ikaruhusiwa tena kwa masharti. Marufuku ya jumla huwa na kasoro moja: humsimamisha mkataji mwenye kibali, na mwizi humwachia mlango wazi. Msitu ambao watu wanautumia kwa utaratibu wao wenyewe una macho mengi zaidi ya msitu uliofungwa.

Wengi wakisikia "kutunza mikoko" hufikiria kupanda. Humu kupanda kumewekwa karibu na mwisho, na ni makusudi.

Hatua ya 1: Jueni msitu ni wa nani

Mikoko ya pwani ya Kenya ilitangazwa kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1932, na tangazo la mwaka 1964 likalithibitisha hilo. Maana yake mikoko hii si ya kijiji, wala si ya aliyenunua ploti iliyo mbele yake. Lakini Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016 inawapa wanajamii njia ya kuingia: mnaunda jumuiya ya misitu, ile ambayo kila mtu huiita CFA, mnaisajili kwa Msajili wa Vyama, mnaandika mpango shirikishi wa usimamizi pamoja na maafisa wa KFS, yaani Huduma ya Misitu ya Kenya, kisha mnatia saini mkataba. Mkataba huo ndio unaotaja haki zenu: kuni, asali, dawa za miti shamba, utalii, masomo, na ukataji wa miti kwa kiwango kilichokubaliwa.

Msianze kwa kutafuta mfadhili. Anzeni na ofisi ya misitu iliyo karibu, mwulize kama eneo lenu tayari lina CFA, maana huenda ipo na imelala tu. Kuamsha iliyopo ni rahisi kuliko kusajili ya pili na kugombana kwa miaka. Kama msitu wenu uko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kiunga, huko kuna KWS pia, yaani shirika la wanyamapori, na masharti mengine. Msidhani kibali cha Mkunumbi kinafaa Kiunga.

Hatua ya 2: Kaeni na wanaoutumia, wote

Chagueni siku ya maji mafu, bahari isipojaa sana. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida, vyombo vinaingia ndani kabisa ya vijito, na wakataji wako huko huko kambini. Mkutano uliofanywa bila wao ni mkutano wa watu wanaozungumzia msitu wa wenzao. Kina mama wanaotafuta kaa na chaza wapewe kikao chao wenyewe kwanza, kisha mletane pamoja. Kwenye baraza la mchanganyiko mengi wanayoyajua hayatasemwa.

Chukueni fimbo mchore ramani chini, mchangani. Kila kijito kina jina lake, kila jangwa la tope lina kisa chake. Mwulize mzee: hapa palikuwaje ulipokuwa kijana? Nani alikata mara ya mwisho? Maji yanaingia mpaka wapi siku ya bamvua kubwa? Mtu mmoja ainakili ramani hiyo kwenye karatasi kabla mbuzi hawajapita juu yake.

Mtagundua jambo ambalo maafisa wa mjini hulikosa. Mjenzi anataka mti ulionyooka. Fundi wa mashua anataka uliopinda, kwa sababu taruma la jahazi halitoki kwenye mti ulionyooka. Anazunguka msituni na kigezo chake akitafuta pindo la mchu au mkomafi linalolingana na ubavu wa chombo. Mchoma chokaa hajali umbo, anataka kuni. Basi mti ambao mmoja anauita mbovu, mwingine amekuwa akiutafuta tangu asubuhi. Mkiwapanga watumiaji hawa vizuri, mti mmoja ukianguka hakuna kinachoachwa kuoza.

Hatua ya 3: Ingieni mpime

Hii ndiyo kazi inayorukwa mara nyingi zaidi, na ndiyo inayoamua kila kitu. Bila kipimo, "msitu umebaki mwingi" na "msitu umekwisha" ni maneno ya kubishana tu.

Fungeni kamba ya kwenda moja kwa moja kutoka ukingo wa maji hadi nchi kavu. Kando ya kamba hiyo, kwa umbali mtakaokubaliana, wekeni viwanja vya mita 10 kwa 10. Mtavuka kanda moja baada ya nyingine. Mbele kabisa, kunakofunikwa na maji kila siku, ni mlilana na mara nyingine mchu. Kisha mkoko wenye mizizi ya kuning'inia, muia, mkandaa. Karibu na nchi kavu mchu unarudi tena, mara nyingi mfupi kwa sababu ya chumvi, na huko ndiko kwenye kikandaa na msikundazi. Andikeni mpaka wa kila kanda. Mtauhitaji siku ya kupanda.

Ndani ya kila kiwanja andikeni aina ya mti, unene wake, na kama shina limenyooka, limepinda kidogo au limepinda sana. Unene hupimwa kwenye usawa wa kifua, sentimita 130 kutoka chini. Kwa mkoko hupimwa sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa. Kama hamna utepe maalumu wa kipenyo, tumieni utepe wa fundi cherehani: zungusheni kwenye shina, kisha gawanyeni kwa 3.14. Mzingo wa sentimita 38 ni kipenyo cha kama 12. Wakataji wazoefu watawacheka, kwa kuwa wao wanajua kwa kiganja madaraja ya miti, kutoka nyembamba hadi nene: hii ni fito, hii ni pau, hii mazio, hii boriti, hii nguzo, na lile jibanaa halibebeki. Waacheni wacheke, kisha andikeni na jina lao pembeni ya namba. Namba ni ya ofisi, jina ni la soko, na mnavihitaji vyote viwili.

Sasa inameni mhesabu watoto. Miche yenye urefu wa chini ya sentimita 40 peke yake, ya 40 hadi 150 peke yake, na ya 150 hadi mita 3 peke yake. Wataalamu wa mikoko hutumia uwiano wa 6 kwa 3 kwa 1 kuwa dalili ya msitu unaojirudisha wenyewe: kwa kila mche mkubwa mmoja, wa kati watatu na wadogo sita. Mkikuta wadogo wamejaa na wakubwa hawapo, kuna kitu kinawaua katikati: kivuli kizito, mifugo, au maji. Mkikuta hakuna hata wadogo, tatizo ni mbegu kutofika au tope lenyewe kubadilika. Dawa ya haya mawili si moja.

Rudieni viwanja hivyo hivyo kila baada ya miaka michache. Pigeni alama kwenye pembe, tena alama isiyo na thamani ya kuuzika. Mabomba ya chuma hayakai.

Hatua ya 4: Gawanyeni msitu sehemu tatu

Sehemu ya kukatwa, sehemu ya kupumzika, na sehemu isiyoguswa. Isiyoguswa iwe ukanda wote unaotazama bahari wazi na kingo za vijito, kwa sababu huko ndiko mizizi inakoshika tope lisibebwe na mawimbi, na ndiko samaki wachanga na kamba wanakojificha maji yakijaa. Ongezeni humo miti mikubwa yenye mbegu nyingi popote ilipo. Ya kukatwa na ya kupumzika yabadilishane zamu, kwa muda mtakaoandika kwenye mpango.

Mipaka iwe vijito, kwa kuwa kila mtu anavijua. Mpaka wa kwenye simu utabishaniwa.

Hatua ya 5: Kukata

Kabla ya shoka: kibali cha kukata kutoka KFS, na mkitoa mzigo, kibali cha kuusafirisha. Miti huhesabiwa kwa korja, yaani ishirini ishirini. Kibali kinasema korja ngapi na za daraja gani. Chombo kikibeba zaidi, si chombo tu kitakachokamatwa, na jina la kikundi kizima litaingia doa. Wanaokwenda kambi za kaskazini watoe taarifa kwa vyombo vya usalama kabla ya kuondoka, wataje idadi ya watu na siku ya kurudi.

Jambo la kwanza la kumfundisha kijana anayeanza ni kwamba miti hii haifi kwa namna moja. Mkoko ukiukata chini ya matawi yake yenye majani, basi, hautachipua. Mchu na mlilana huchipua kutoka kwenye kisiki. Kwa hiyo mchu unaweza kuvunwa kwa kuacha kisiki kirefu na kurudi baada ya miaka kuchukua machipukizi yaliyokomaa, ila kwa mkoko kila pigo ni kuondoa mti mzima, na lazima ujiulize nani atachukua nafasi yake.

La pili ni kuacha mazuri. Soko linataka boriti na nguzo zilizonyooka, na mkataji akiachwa ajichagulie atachukua zilizonyooka mwaka baada ya mwaka. Baada ya muda msitu unaonekana mnene kutoka kwenye mashua, ukiingia ndani unakuta mapindo matupu na fito. Mbegu zinatoka kwa miti iliyobaki, na iliyobaki ni ile isiyotakiwa. Lamu kuna sehemu za namna hiyo. Kwa hiyo kanuni iwe: katika kila kiwanja acheni miti kadhaa mizuri iliyonyooka iwe ya mbegu, itieni rangi, na katika zamu hiyo hiyo toeni iliyopinda kwa ajili ya fundi wa mashua na kuni.

Malaysia wana msitu wa mikoko uitwao Matang, kama hekta 40,000, unaokaribiana kwa ukubwa na wa Lamu, na umesimamiwa kwa mpango tangu mwaka 1902. Wao hukata miti ikiwa na umri wa miaka 30, lakini kabla ya hapo hupunguza mara mbili kwa kutumia fimbo. Ikifika miaka 15 mfanyakazi huchagua mti mzuri, hushika fimbo ya mita 1.2, huizungusha kuuzunguka mti huo, na kila mti ulio ndani ya mzunguko hukatwa na kuuzwa kama miti myembamba. Ikifika miaka 20 fimbo huwa ya mita 1.8. Mti unaobaki hupata jua na nafasi, hunenepa. Si lazima tuige miaka yao, maana msitu wao ni wa mkaa na wetu ni wa kujengea, lakini fimbo ile inaweza kuigwa kesho. Haihitaji hesabu, na inawapa wakataji fito na pau za kuuza wakati boriti inakua.

La tatu, njia. Mkipita kila mtu na njia yake mtakanyaga miche mingi kuliko mliyokata miti. Kila kambi iwe na njia moja ya kuburuzia hadi kwenye kijito, na matawi yasitupwe kijitoni yakaziba maji. Yarundikwe kwa mistari, yasifunike miche.

Hatua ya 6: Mahali palipokufa, tazameni maji kwanza

Ukiona jangwa la tope katikati ya mikoko, usikimbilie mbegu. Simama hapo maji yakijaa na tena yakipwa. Je, maji yanafika? Yakifika, yanatoka? Mara nyingi utakuta kijito kimezibwa: na matawi ya wakataji, na mchanga, na tuta la barabara lisilo na kalvati, au na ukuta wa dimbwi la chumvi. Maji yaliyosimama yanageuka chumvi kali au kuoza, na mizizi ya kupumulia inayochomoza kwenye tope inakosa hewa.

Fungueni kijito kwa majembe, taratibu, kwa kufuata mkondo wake wa zamani ambao wazee waliwachorea mchangani. Msichimbe upana kama mtaro wa mjini. Kama kizuizi ni barabara, hilo si la majembe. Andikeni barua kwa kaunti na nakala kwa KFS, muambatanishe picha za maji yakiwa yamesimama upande mmoja. Kisha ngojeni. Mbegu huelea na kuletwa na maji, na mahali palipofunguliwa vizuri panaweza kujaa bila mtu kupanda hata mche mmoja. Hakuna anayepiga picha ya kazi hii, pengine ndiyo sababu hufanywa kidogo.

Hatua ya 7: Kupanda, pale tu ambapo pamebaki tupu

Kama maji yako sawa na bado hakuna miche, basi pandeni. Aina ya kupandwa ni ile iliyokuwepo hapo, mliyoiandika kwenye hatua ya tatu. Kosa linalorudiwa ni kupanda mkoko kila mahali kwa sababu mbegu yake ni ndefu, rahisi kushika, rahisi kuchomeka. Ukiuchomeka mbele kabisa kwenye kanda ya mlilana, mawimbi yanaung'oa; ukiupeleka nyuma kwenye chumvi ya mchu, unakauka. Wala msipande juu ya majani ya bahari au kwenye tope wazi ambako mikoko haikuwahi kuota. Kule ni shamba la viumbe wengine.

Mbegu ya mkoko iliyokomaa ina pete ya njano pale inapoungana na kofia yake. Ishike, izungushe kidogo: ikiachia yenyewe imeiva, ikigoma iache juu ya mti. Ukaguzi wa pili ni wa matundu. Mdudu akishaingia, hata kama nje ni nzuri, itupe. Mkandaa pia una pete hiyo, ila mbegu yake ni nyembamba na fupi. Mbegu za mchu ziloweke kwenye maji usiku mmoja ganda litoke, kisha zikuzeni kitaluni. Mlilana una tunda lenye mbegu ndogo nyingi: lioze ndani ya maji, lifikicheni, mmwage mbegu kwenye kitalu. Kitalu kiwe mahali ambapo maji ya bahari yanakifikia yenyewe, la sivyo mtabeba ndoo mpaka mchoke.

Kuotesha moja kwa moja mkoko na mkandaa: chomekeni theluthi moja ya mbegu kwenye tope, ncha chini, kofia haipo tena juu. Msiisukume kwa nguvu ikachubuka; toboeni kwanza kwa kijiti. Nafasi ya mita moja kwa moja inatoa miche 10,000 kwa hekta, na ndiyo inayosaidia shina lipande juu lililonyooka. Mtapunguza baadaye kwa fimbo. Mifugo izuiwe mwanzoni, kwa kuwa mchu mchanga ni chakula kitamu kwa mbuzi na ng'ombe. Takataka za plastiki na nyavu zilizokatika ziondolewe kila bamvua inapopita, kwa sababu huning'inia kwenye miche na kuilaza.

Kikundi kikilipwa kwa idadi ya miche iliyopandwa, kitapanda mingi. Kikilipwa kwa iliyo hai baada ya mwaka, kitachagua mahali. Mkipata mfadhili, ombeni mlipwe kwa namna ya pili, hata kama fedha zinachelewa.

Hatua ya 8: Fedha nyingine zaidi ya boriti

Mizinga ya nyuki inakaa vizuri kwenye mikoko, na mwenye mzinga ni mlinzi asiyelipwa. Kaa, chaza na njia za mbao za wageni ni mapato ambayo yanaweza kuwekwa mikononi mwa kina mama moja kwa moja, wala yasipitie kwa mwenyekiti.

Kuna pia soko la kaboni, yaani kulipwa kwa sababu msitu unaishika kaboni isirudi hewani. Tope la mikoko halina hewa, kwa hiyo mizizi na majani yaliyozikwa humo huoza polepole sana, na kaboni inabaki imelala chini kwa wingi kuliko iliyo kwenye shina. Gazi, kule Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza kaboni tangu mwaka 2013 kutoka kwenye hekta 117 tu, na mapato yamekwenda kwenye maji na shule. Lamu ni kubwa mno kuliko hiyo, kwa hiyo madalali watakuja. Kabla ya kutia saini chochote, jueni kwamba marekebisho ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2023 yanataka pawepo makubaliano ya maendeleo ya jamii, na kwamba miradi ya ardhini huipa jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka baada ya kutoa gharama, mingine asilimia 25. Ulizeni mradi wenu unaandikishwa kama upi. Ulizeni gharama ni zipi na nani atazikagua. Ulizeni kama mtaruhusiwa kuendelea kukata, korja ngapi, wapi. Dalali asiyeweza kujibu hilo la mwisho kwa Kiswahili mbele ya wakataji, mpeni chai aende zake.

Hatua ya 9: Doria na daftari

Doria ziende wawili wawili, mmoja akiwa mkataji mzoefu, kwa kuwa yeye anatofautisha kisiki cha wiki iliyopita na cha mwezi uliopita kwa kukitazama. Msimkamate mtu wenyewe kwa mabavu. Andikeni chombo, saa, kijito, na idadi ya visiki, kisha mtoe taarifa kwa afisa wa misitu na chifu. Kwa jirani aliyekata kuni za kupikia, wazee wamalize. Kwa chombo kilichojaa nguzo usiku, sheria imalize.

Daftari liwe na kurasa nne: miti iliyotoka, miche iliyohesabiwa, fedha zilizoingia, fedha zilizotoka. Lisomwe kwa sauti mbele ya wanachama kila baada ya miezi mitatu, na nakala ikae kwa mtu ambaye si mweka hazina. Ni bora mweka nakala awe mmoja wa wale waliokuwa wakipinga CFA tangu mwanzo.